Ndege ilichelewa kwa saa 21, na mama yuko eda dakika ishirini kutoka uwanjani

#1 – Binti Kiwalani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni mrefu, mnivumilie. Nimeuandika vipande vipande, vingine ndani ya treni, vingine usiku baada ya zamu. Humu naona ndugu wengi wanaulizia kwenda kujitolea Ujerumani: viza, lugha, posho. Sijaona anayeulizia kurudi. Yaani ulishakwenda, ukaja nyumbani kwa dharura, sasa unatakiwa uondoke tena. Safari ya kwanza niliondoka nacheka. Hii ya pili ndiyo iliyonipiga, na ilinipiga nikiwa sijatoka hata Dar.

Nina miaka 26, kwetu Kiwalani. Tangu Septemba niko Hamburg kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kwa mpango wa weltwärts. Kwa asiyeufahamu, ni mpango wa wizara ya maendeleo ya Ujerumani. Ulianza 2008 ukileta vijana wao huku kwetu, na kuanzia 2013 vijana wa huku nao wakaanza kupokelewa kule. Umri ni miaka 18 hadi 28. Ukifika unaingizwa kwenye utumishi wao wa kujitolea, Bundesfreiwilligendienst, ulioanza 2011 walipositisha jeshi la lazima. Mkataba wa mwaka mmoja una siku 25 za semina, pesa ya mfukoni na bima. Mshahara hakuna, na anayekwambia utajenga nyumba kwa pesa ile anakudanganya.

Baba alifariki katikati ya Aprili. Sisi Waislamu maiti hatuilazi bila sababu, alizikwa siku ile ile alasiri. Saa hiyo mimi nilikuwa Hamburg nimeshika kijiko, namlisha mzee wa watu supu. Simu niliikuta baadaye kwenye kabati la nguo za kazi, miito kumi na saba. Sikuwahi kuzika. Wenzangu kazini wakachanga, kaka yangu akaongezea, nikapata tiketi ya kuja kwenye arobaini mwishoni mwa Mei. Ruhusa siku kumi.

Siku kumi zile nyumba ilikuwa imejaa. Shangazi kutoka Kilwa, wajomba, majirani, wanafunzi wa baba wa ufundi redio, watoto wa watoto. Mkeka hadi barazani. Nilipika, nilipakua, niliosha masufuria, nilipokea pole. Peke yangu na mama sikukaa hata saa moja. Na mama yuko eda, hatoki nje mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Siku ya kuondoka nilimuaga chumbani kwake, shangazi wawili wamekaa kitandani wanatutazama. Akanishika kichwa, akanisomea, akasema "Nenda mwanangu, usichelewe." Basi.

Ndege ilikuwa saa 11:15 jioni. Saa 8 mchana nipo Terminal 3, ile mpya iliyofunguliwa 2019. Mizigo nimekabidhi, pasipoti imegongwa muhuri wa kutoka, nimekaa getini. Saa 10 ikaandikwa ndege itaondoka saa 1 usiku. Saa 12 ikabadilishwa, saa 3. Tukapewa maji na sambusa. Saa 3 ilipofika wakasema hitilafu ya kiufundi, wanasubiri kifaa. Shirika silitaji, maana neno langu leo liko kwingine.

Nilinyamaza. Hapo ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu ya uzi huu.

Mama nyumbani anajua nimeondoka. Kwetu ndege zikiruka zinapita juu ya bati, unaweza kuhesabu madirisha. Nilijua kwamba saa 11 na kitu jioni atasikia mlio, atainua mikono, atasema huyo mwanangu. Na kweli ndege ilipita, ya shirika jingine. Akaiombea dua. Mimi niko chini, kilomita tatu nne tu kutoka pale alipokaa, nimekumbatia begi. Nilisema moyoni nisimpigie, ameshalia, ameshanitoa, nikimwambia bado nipo nitamfungulia kidonda. Na Hamburg pia sikuandika. Nilijipa moyo kwamba saa 3 tutaondoka, nitawahi ndege ya kuunganisha, nitafika, hakuna atakayejua.

Saa saba nzima nilikaa hivyo. Aliyewahi kukwama anajua: umeshaaga huku, kule hujafika, kote unahesabiwa haupo. Huna kazi ya kukupumzisha mawazo. Nyumbani nililia kidogo sana kwa sababu kila dakika palikuwa na sinia la kubeba. Pale getini sinia hakuna. Msiba wote ulinikuta pale, kwenye kiti cha chuma, mbele ya watu wazima wenye makoti.

Alikuwepo mama mmoja wa makamo, nadhani wa Kigoma kwa lafudhi yake, anakwenda kwa mtoto wake aliyejifungua. Hakuniuliza kitu. Alitoa kanga kwenye mkoba, akanifunika mabegani, akaendelea kutafuna karanga zake. Baada ya muda mrefu akasema, "Wamejua kwenu kama bado upo?" Nikatikisa kichwa. Akasema, "Sasa unamficha nani?"

Nitaendelea kesho, hapa ni saa 7 usiku na nina zamu ya asubuhi.

#2 – Mzigo wa Mbali

Pole sana dada kwa msiba wa mzee, Mungu amrehemu. Umenigusa. Mimi nilijitolea Malawi miaka miwili nikiwa mwalimu wa hesabu. Nilipokuja likizo ya Krismasi nikakwama uwanjani siku moja na usiku wake wakati wa kurudi. Wanafunzi wangu walikuwa na mtihani wa majaribio Jumatatu na maswali yote yalikuwa kwenye kompyuta yangu ndogo. Mwili upo Dar, akili ipo darasani. Tafadhali endelea.

#3 – Kaka wa Ubungo

Pole dada. Naomba ukirudi utuambie kama uliruhusiwa kutoka nje baada ya pasipoti kugongwa. Watu wengi wanadhani ukishagongwa ndiyo basi.

#4 – Binti Kiwalani

Nashukuru kwa pole zenu. Naendelea.

Saa 4 usiku wakatangaza rasmi kwamba ndege itaondoka kesho saa 8 mchana, abiria watapelekwa hotelini. Kaka wa Ubungo, jibu lako ni hili: inawezekana. Tulirudishwa kwa foleni hadi dawati la uhamiaji, ule muhuri wa kutoka ukafutwa kwa kugongewa mwingine juu yake, tukatoka. Mizigo ilibaki kwao. Kwa hiyo dawa, chaja, nguo ya kubadili na karatasi zote ziwe kwenye begi la mkononi, usiziweke kwenye sanduku kubwa hata siku moja. Mimi kadi yangu ya ukaazi wa Ujerumani na nakala ya mkataba wa kujitolea vilikuwa shingoni kwenye kipochi. Baba ndiye aliyenizoesha hivyo.

Kabla ya kutoka nilifanya mambo mawili pale kaunta, yule mama wa Kigoma akinisukuma. Niliomba karatasi yenye sababu ya kuchelewa na saa mpya. Karatasi yenye nembo na tarehe, maana tangazo la mdomo huwezi kulipeleka kokote. Halafu nikaomba wanipangie upya njia yote hadi Frankfurt, kwa sababu ndege ya kuunganisha ilikuwa imeshanipita. Wapo waliokwenda kulala bila kuuliza, na asubuhi nafasi zikawa finyu.

Nikapiga picha ile karatasi, nikamtumia msimamizi wangu Hamburg. Kule ilikuwa saa 3 na nusu usiku, wakati wa kiangazi tunapishana nao saa moja tu. Nilijiandaa kwa lawama, kwa sababu nilikuwa kwenye orodha ya zamu ya kesho kutwa asubuhi na wafanyakazi ni wachache. Akajibu ndani ya dakika tano: ahsante kwa kunijulisha mapema, sasa naweza kumtafuta mtu, pumzika. Mapema! Na mimi nilikaa na taarifa hiyo tangu saa 10 jioni. Ningemwandikia saa 10, angekuwa na jioni nzima ya kupanga. Badala yake alianza kuwapigia watu simu usiku, akamtoa mwenzangu kwenye siku yake ya mapumziko. Hilo bado linaniuma.

Basi la hoteli likaja. Nikamwambia kijana wa shirika kwamba kwetu ni Kiwalani, naomba niende nyumbani. Akaandika namba yangu na ya kaka yangu, akasema nirudi saa 4 asubuhi bila kukosa. Nikachukua bajaji.

Wakuu, dakika ishirini za bajaji zile zilikuwa ndefu kuliko saa saba za getini. Nilimpigia kaka kwanza. Nikamwambia, usimshtue, mwambie polepole. Nikasikia mlango unafunguliwa, nikasikia sauti yake, "Mama, Mwana ndege yao haijaondoka, yuko njiani anakuja." Kimya. Halafu sauti ya mama, ile ya kawaida kabisa: "Amekula?"

Wale shangazi wa Kilwa walikuwa wameondoka na basi la mchana. Nyumba ilikuwa tupu, mikeka imekunjwa, harufu ya udi imebaki. Mama amekaa kitandani na nguo zake za eda, tasbihi mkononi, taa ya chumbani inawaka. Hakuwa amelala. Nilidhani nitamkuta analia. Akanitazama, akasogea kunipisha, nikapanda nikalala ubavuni kwake kama nilivyokuwa nafanya darasa la pili.

Akanisimulia siku ya mwisho ya baba. Mimi nilikuwa sijaisikia. Siku kumi nimekaa nyumbani, kila mtu ananiambia "alikwenda vizuri", "hakuteseka", na mimi naitikia. Hakuna aliyenisimulia asubuhi ile ilivyokuwa. Mama akaniambia. Aliamka alfajiri akasali. Akaomba uji wa ulezi usio na sukari nyingi. Akasema kifua kinambana, akakaa kwenye kiti chake chini ya zile saa mbili.

Niwaelezeni habari ya zile saa. Baba alikuwa fundi redio na saa. Nilipoondoka Septemba alining'iniza saa ya pili ukutani sebuleni, kando ya ile ya siku zote, akaiwekea majira ya Hamburg. Chini yake akaandika kwa kalamu nene jina langu tu. Akiamka anatazama, anasema sasa amelala, sasa yuko kazini. Oktoba nilimwambia kule wamerudisha saa nyuma, tunapishana saa mbili. Akapanda kwenye stuli akairudisha. Machi mwishoni wanaipeleka mbele tena, na safari hii mimi nilisahau kumwambia. Mama akasema: "Alisikia kwenye redio. Akaniambia nishike stuli. Nikamwambia muache kaka yako Salumu apande, akasema hapana, hii naisogeza mwenyewe." Hiyo ilikuwa wiki mbili kabla.

Siku kumi nilizokaa nyumbani nilikuwa nimepita chini ya saa ile mara mia, na sikuwa nimegundua kwamba inakwenda sawasawa. Nilikwenda sebuleni saa 8 usiku nikaitazama. Inasema saa 7. Nikatoa simu nikalinganisha. Dakika kwa dakika.

Nililala kama saa mbili hivi. Mama hakulala.

#5 – Nahodha75

Dada pole sana, na simulizi yako imenitoa machozi mtu mzima. Lakini niseme jambo kwa faida ya wengine, usinichukulie vibaya. Mimi nimefanya kazi viwanja vya ndege miaka mingi, upande wa mizigo. Kutoka kwenda nyumbani ni hatari. Nimeona abiria ameambiwa saa 8, kifaa kikafika mapema, ndege ikasogezwa saa 5, wa hotelini wakafuatwa na basi, yeye yuko kwao simu imezima. Na wewe una kazi ya watu na mkataba unakusubiri. Ningekuwa mimi ningekwenda hoteli na wenzangu.

#6 – Mama Watatu

Mimi naandika kama mzazi. Mwanangu wa pili yuko Uganda, kwenye kambi ya wakimbizi anajitolea na madaktari. Mwaka jana alikwama kama wewe na hakuniambia, nikajua baada ya wiki. Alisema hakutaka kunipa wasiwasi. Nilimwambia, wewe ulipokaa kwenye kiti siku nzima una njaa, mimi nilikuwa nacheka na jirani. Unadhani hilo halikuniuma nilipolijua? Watoto, semeni. Sisi tumezoea kusubiri, tulisubiri miezi tisa kila mmoja wenu. Tusichoweza ni kufichwa.

#7 – Kaka wa Ubungo

Ahsante kwa jibu la muhuri. Swali lingine: fidia je? Nasikia Ulaya wanalipa yuro 600.

#8 – Binti Kiwalani

Nahodha75, sikuchukulii vibaya hata kidogo. Umesema kweli na nilitaka mtu aliseme. Mimi niliweza kwa sababu kwetu ni karibu, nilikuwa na namba ya kijana yule, kaka alikaa na simu yangu kwenye chaji usiku kucha, na saa 3 asubuhi nilishafika uwanjani, saa moja kabla ya muda niliopewa. Anayetoka Mbagala au Kibaha asijaribu. Na asiyekuwa na nyumba yenye mtu anayemsubiri, bora hoteli alale. Mimi ningelala hoteli nisingepata usingizi, na ile asubuhi ya baba ningeendelea kuambiwa "hakuteseka".

Lakini siwezi kusema kwamba kurudi kulikuwa kwepesi. Kuaga mara ya pili kulikuwa kubaya zaidi. Mara ya kwanza palikuwa na watu, dua, haraka. Asubuhi ile tulikuwa wawili. Mama hawezi kuvuka kizingiti. Alinisindikiza hadi mlango wa ndani wa sebule, akasimama hapo, mkono kwenye fremu. Mimi nikatoka barazani, nikageuka, tunatazamana, hatua tatu kati yetu na yeye hawezi kuzivuka. Nikarudi ndani. Nikatoka tena. Kaka akasema Mwana, bajaji. Hilo sitalisahau, na sijui kama ningechagua kulipitia kama ningejua. Nadhani ningechagua.

Mama Watatu, nimesoma maneno yako mara nne. Nimemsomea mama kwenye simu. Amesema mwambieni huyo mama ahsante.

Suala la fidia namwachia anayelijua vizuri.

#9 – Wakili Kijana

Naomba nisaidie hapo, kwa kifupi.

Zile yuro 600 ni za kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya 2004. Inahusu ndege yoyote inayoondokea kwenye uwanja wa Umoja wa Ulaya, na ndege inayoelekea kule kutoka nje ikiwa tu shirika lenyewe ni la Umoja wa Ulaya. Anayetazamwa ni shirika lililorusha ndege, si lile lililokuuzia tiketi. Ukichelewa kufika kwa saa tatu au zaidi na safari ni ya zaidi ya kilomita 3,500, unaweza kudai, isipokuwa sababu iwe ya nje kabisa ya uwezo wao kama hali mbaya ya hewa. Mahakama ya Ulaya imeshasema hitilafu ya kiufundi ya kawaida si kisingizio. Kwa hiyo ukitoka Dar na shirika lisilo la Ulaya, kanuni hiyo haikuhusu.

Usikate tamaa. Upo Mkataba wa Montreal wa 1999, na Tanzania ni mwanachama. Kifungu cha 19 kinalifanya shirika liwajibike kwa hasara iliyoletwa na ucheleweshaji, isipokuwa likithibitisha kwamba lilichukua kila hatua ya maana kuuzuia. Tofauti yake ni kwamba hapa hulipwi kiasi cha jumla. Unalipwa hasara unayoithibitisha: tiketi ya treni iliyopotea, chakula, usafiri. Kikomo kwa abiria tangu 28 Desemba 2024 ni SDR 6,303, kipimo cha fedha cha IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa. Kesi inafunguliwa ndani ya miaka miwili. Mzigo ukichelewa, malalamiko ya maandishi ndani ya siku 21 tangu uupokee, ukiharibika ni siku 7. Tunzeni risiti zote, hata ya bajaji mwambieni dereva aandike.

Na hapa nyumbani lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, chini ya sheria ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Shirika likikunyamazia, peleka malalamiko pale.

#10 – Mzigo wa Mbali

Wakili, hii ingepaswa kubandikwa ukutani. Dada, tiketi ya treni ilikuwaje?

#11 – Binti Kiwalani

Ahsante sana Wakili. Nimeshaandika barua, na ile karatasi yenye nembo imekuwa mkuki wangu.

Treni. Nilinunua mapema tiketi ya bei nafuu ya Frankfurt hadi Hamburg, ile inayokufunga kwenye treni moja tu. Kumbe treni yenyewe ikichelewa wanakuruhusu kupanda treni nyingine, lakini ndege ikichelewa hilo ni lako. Ikapotea. Nikanunua nyingine pale pale kwa bei ya siku, karibu mara tatu. Kwa pesa ya mfukoni ya mtu wa kujitolea hilo ni pigo la mwezi mzima. Anayekwenda kwa tiketi ya kufungwa aache pengo kubwa kati ya kutua na treni, au alipe zaidi kidogo apate tiketi huru.

Jambo jingine ambalo niliulizwa faraghani: hapana, kuchelewa siku moja au mbili hakuharibu ukaazi. Sheria yao inaangalia ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita. Msiwe na hofu hiyo getini, mnazo nyingine za kutosha.

Nilifika Hamburg usiku. Asubuhi yake nikaingia zamu.

Yupo bibi mmoja pale kwetu, jina lake nalihifadhi. Ana miaka tisini na kitu, kumbukumbu zake zinakuja na kuondoka. Tangu Aprili ni msimu wa spargel, mboga nyeupe kama mshumaa inayochimbwa ardhini, na Wajerumani wanaila kama sisi tunavyokula embe za msimu, mpaka tarehe 24 Juni, baada ya hapo hawaivuni. Bibi huyu alikulia shambani. Jikoni wanamletea beseni na kisu kidogo, anamenya. Kabla sijaondoka nilimwahidi nitarudi tumenye wote. Mwenzangu aliniambia kwamba siku zile nilipokwama alikuwa anauliza kila asubuhi yuko wapi yule msichana wa visu vibovu, maana mimi nilikuwa navunja vichwa vya ile mboga, na wao wanasema kichwa ndicho kitamu. Siku ya pili wakamwambia ndege yake imeharibika. Akasema basi beseni lisubiri. Akakataa kumenya na mwingine.

Nilipoingia hakuniuliza habari ya baba, hakumbuki kama niliondoka kwa msiba. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alinitazama muda, akasogeza kiti kwa mguu, akanipa kisu. Nikaanza kumenya kutoka juu kwenda chini, kutoka kichwani, kama alivyonifundisha. Yeye anamaliza tano, mimi moja. Baadaye akaushika mkono wangu akaupunguzia nguvu, kisu kikapita kama kwenye karatasi.

#12 – Nahodha75

Dada, nimesoma hadi hapa. Nakubaliana na wewe kuhusu kwenda nyumbani, kwa masharti yale uliyotaja. Umefanya vizuri. Mama anaendeleaje?

#13 – Binti Kiwalani

Anaendelea, Nahodha, ahsante. Eda inakwisha mwishoni mwa Agosti. Sasa tumepatana: nikisafiri, nikikwama, nikitua, nasema hapo hapo, hata kama ni saa 9 usiku, na yeye naye akiumwa kichwa tu anasema. Mara mbili ameshatimiza.

Jana alinitumia ujumbe wa sauti. Kuna ndege inasikika inapita juu ya bati, akasubiri ipite, kisha akauliza lini tena kule wanarudisha saa nyuma. Nikamwambia Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Akasema sawa, atakuwa ameshatoka eda, stuli atapanda mwenyewe.